Mume wa Kwenye Fomu

Tangu utotoni mimi ni mtu wa kushuku. Nikiwa darasa la pili nilimshuku mwalimu wetu kwamba hajui kuandika, kwa sababu kila siku alimpa chaki mwanafunzi aandike ubaoni badala yake, nami nikaenda kumsema kwa mwalimu mkuu. Kumbe alikuwa na mkono mbovu. Nilichapwa, lakini sikukoma. Kwa hiyo nilipowaandikia ndugu zangu Tanzania kwamba nimeolewa Durban, na mume mwenyewe ni Mkongo asiye na karatasi, waliocheka zaidi ni wale walionijua vizuri.

Karatasi ninayosema ni kibali cha mkimbizi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na kibali chenyewe kilikuwa ukurasa mmoja uliogongwa mhuri, ambao mtu alitakiwa kuupeleka ofisini kila baada ya miezi michache uongezewe muda. Cha mume wangu kilikwisha muda kabla hatujajuana. Asubuhi aliyopanga kwenda kukiongeza, alisikia kwamba waliokwenda jana yake wamekamatwa wakiwa kwenye foleni. Huenda ilikuwa kweli. Huenda pia yalikuwa maneno ya mtaani kwetu Albert Park, ambako habari ilianza kupanda ngazi ikiwa na mguu mmoja na kufika kwetu ghorofa ya saba ina minne. Vyovyote vile, hakwenda, na kila wiki aliyokaa bila kwenda ilifanya wiki iliyofuata iwe ya hatari zaidi.

Mimi karatasi zangu zilikuwa sawa. Nilikuja kusoma, nikamaliza, nikapata kibali cha kazi kama fundi wa maabara katika kliniki moja mjini. Jumamosi nilifanya kazi ya ziada kwenye maabara nyingine, na hapo ndipo nilipojitafutia balaa. Mtu mwenye mwajiri mmoja aliweza kukatwa kodi yake kimya kimya na mambo yakaisha. Mwenye waajiri wawili alitakiwa kujaza fomu. Ikaja kwa posta, kwenye bahasha ya khaki, kurasa nyingi za maswali.

Niliijaza Jumapili baada ya kanisa, kwenye meza ya jikoni. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa meza akichambua majani ya muhogo, yeye akiyaita sombe, mimi nikiyaita kisamvu, na tulikuwa na mzaha wa siku zote kuhusu nani kati yetu anajua kuyapika. Nilijaza jina, nikajaza anuani, nikafika kwenye sehemu ya ndoa. Umeolewa? Jina la mume. Namba ya kitambulisho chake. Namba yake ya kodi. Nikayasoma kwa sauti.

"Andika hauna bwana," akasema.

"Unasemaje?"

"Andika célibataire. Uko peke yako. Njo vile itakuwa muzuri."

Akaendelea na majani yake. Hakusita wala hakuinua uso. Machale yakanicheza pale pale. Mtu anayeambiwa jambo kwa mara ya kwanza hufikiri kidogo kabla ya kujibu, lakini huyu alikuwa na jibu mkononi, kama mtu aliyelibeba siku nyingi akisubiri kuulizwa.

"Kwa hiyo mimi si mke wako?"

"Ku nyumba uko bibi yangu. Ku ile fomu hapana."

"Kwa nini?"

"Juu ya problème. Wewe andika tu."

Sikuandika. Niliikunja fomu nikaitia kwenye mkoba wangu, na kisamvu cha siku hiyo nilikula kwa kununa.

Baada ya hapo nikaanza kuyakusanya mambo yake, moja baada ya jingine, na kila nililoliokota lilinuka. Alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la ofisi huko Berea, lakini sare yake sikuwahi kuiona. Walinzi wote wa ghorofa yetu walirudi na sare zao, wake zao wakazifua na kuzianika kwenye varanda. Ya mume wangu ilibaki kazini. Nani alimfulia? Kila Jumapili jioni alikwenda duka la simu kumpigia mama yake Bukavu, na walizungumza kilugha chao ambacho sikukijua hata neno. Mama gani anapigiwa simu kila wiki bila kukosa? Nilimsimulia dada yangu wa Dar es Salaam kwa simu, naye akacheka hadi nikasikia mwangwi.

"Wewe, huyo ana mke Bukavu. Na watoto. Unafikiri hao wanatoka kwao mikono mitupu?"

Alisema kwa utani. Mimi sikuuchukua kama utani.

Pale kliniki kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi aliyeshika hesabu, mtu mzima, mwenye miwani ya kamba. Wote tulimwita Anti, kama ilivyo heshima ya Durban. Kila mwaka aliwasaidia wafanyakazi kujaza fomu zao wakati wa chakula cha mchana, akila mkate wake huku akisahihisha makosa. Nilimpelekea yangu. Akaisoma, akafika kwenye lile pengo nililoliacha.

"Umeolewa au hujaolewa?"

"Nimeolewa, Anti. Kanisani."

"Mlisaini mkataba wa kutenganisha mali?"

"Hapana."

"Basi mali yenu ni ya pamoja." Akanieleza kwamba siku hizi kila mtu hulipa kodi ya mshahara wake mwenyewe, lakini kwa watu wa mali ya pamoja, faida ya akiba ya benki hugawanywa katikati. Nusu naitangaza mimi, nusu anaitangaza mume wangu kwenye fomu yake. "Kwa hiyo namtaka yeye pia. Jina, namba, kila kitu. Cheti cha ndoa unacho?"

Nilikuwa nacho. Nilikwenda nacho siku ya pili, kimechapwa vizuri na kina njiwa wawili pembeni. Anti alikigeuza nyuma na mbele.

"Huyu mchungaji wenu amesajiliwa kufungisha ndoa?"

Sikujua. Tulifunga ndoa kwenye kanisa la Wakongo lililokuwa juu ya duka la matairi, nyimbo zikiimbwa kwa lugha nne, na kuuliza usajili ni jambo ambalo lisingemjia mtu siku ile. Jioni nilipita kwa mchungaji. Alinikaribisha vizuri, akanipa soda, akasema Mungu hajawahi kumwomba leseni.

"Kama hajasajiliwa," Anti akasema nilipomrudishia jibu hilo, "sina hakika kama sheria inakuona umeolewa. Ukiandika hujaolewa, huenda ukawa umesema kweli. Ukiandika umeolewa, niletee namba zake. Lakini usisaini kitu ambacho hukijui, binti. Pale chini unaapa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile, kutoka mjini hadi Albert Park, ili nipate muda wa kukasirika. Kanisa lile nani alilichagua? Yeye. Nilitaka twende kwa hakimu, akasema kwa hakimu wataomba karatasi. Nilitaka kanisa la Kilutheri kule Berea, nilikosali nikiwa mwanafunzi, akasema hawamjui. Akanipeleka juu ya duka la matairi, na mimi, niliyemshuku mwalimu wa darasa la pili, nikaenda nikitabasamu na maua mkononi. Na sasa hata nusu ya faida ya akiba yangu hakuitaka. Sijawahi kumwona mwanamume anayekataa nusu ya kitu isipokuwa kuna kizima mahali pengine.

Nilimtega mara moja, tukiwa tunakula.

"Hivi kazini wanakuitaje?"

"Kazini?" Akafikiri. "Wananiitaka 'my friend'."

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nikimtazama macho tu.

Alikuwa na Biblia ya Kifaransa yenye jalada la zipu. Jumanne moja nilikuwa nyumbani na mafua, yeye yuko kazini, nikaifungua. Sijivunii. Ndani ya mfuko wa jalada kulikuwa na hati iliyokunjwa mara nne, hati ile ile ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kila mwaka kuonyesha alilipwa nini na alikatwa kodi kiasi gani. Jina la kampuni ya ulinzi lilikuwa lile la kampuni yake. Jengo lilikuwa lile lile la Berea. Namba ya kodi ilikuwepo. Lakini jina la mfanyakazi sikulijua kabisa. Lilikuwa la mwanamume mwingine, majina matatu marefu ya Kikongo.

Nilikaa kitandani nikapanga mambo, na kila moja likaketi mahali pake. Mtu asiye na karatasi hakatwi kodi. Huyu anakatwa, kwa hiyo karatasi anazo. Anazo kwa jina hili, na hili ndilo jina lake la kweli. Lile aliloandikisha kwa mchungaji ni la kunidanganyia mimi. Hofu yote ya polisi, kuvuka barabara akiona gari la askari, kukataa kwa hakimu, yote ni maigizo. Hakukosa karatasi. Alikosa nia, kwa sababu jina hili lenye karatasi tayari lina mke, na mke mwenyewe ndiye anayefua sare.

Ningemwuliza tu. Najua. Hata leo nikiwasimulia watu, hapo ndipo wanaponiuliza kwa nini sikumwuliza. Sikumwuliza kwa sababu niliamini angenivika kilemba cha ukoka, na mimi nilitaka kumwona akinaswa. Nikachukua kalamu. Mahali pa ndoa niliandika ndiyo. Mahali pa jina la mume niliandika yale majina matatu marefu. Nikanakili namba ya kodi, nikasaini, nikairudisha hati ndani ya Biblia nikafunga zipu. Anti sikumwonyesha tena. Niliipeleka fomu posta mwenyewe na mafua yangu, nikajisikia mwepesi. Kama kweli ni mume wangu, nilijiambia, sasa serikali inajua.

Zikapita wiki kadhaa. Yeye hakuuliza kuhusu fomu na mimi sikusema. Nilimpikia vizuri sana siku hizo, kama mtu anayemnonesha kuku.

Jumamosi moja alasiri mlango wetu uligongwa kwa kiganja, si kwa kidole. Alikuwa rafiki wa mume wangu, yule tuliyezoea kumwita Baba Uvira kwa kuwa alitoka Uvira, pamoja na mkewe aliyekuwa na saluni ndogo mjini na ndiye aliyenisuka nywele. Mkewe alikuwa ameshika barua. Hakunisalimu.

"Dada," alisema, "mi niko bibi ya huyu bwana miaka kumi na moja. Nimemuzalia watoto. Sasa wewe uko nani yake?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Akanipa barua. Ilitoka ofisi ya kodi, iliandikwa kwa upole, na ilimtaka mumewe athibitishe kwamba yeye ndiye mume wa mwanamke fulani, mkazi wa Albert Park, aliyemtaja kwenye fomu yake. Mwanamke fulani nilikuwa mimi. Na pale juu ya barua, mahali pa mpokeaji, palikuwa na yale majina matatu marefu.

Lazima nieleze jambo ambalo Watanzania wenzangu hawalijui, na mimi sikulijua. Kwa Wakongo wa jengo letu, mtu aliitwa baba wa mtoto wake au kwa mji alikotoka. Ungeweza kula naye miaka mitatu usijue jina la kwenye karatasi yake, na kuliuliza ilikuwa kama kuuliza mshahara. Na kazi haikuachwa ikaenda bure. Baba Uvira alikuwa mlinzi kule Berea, akapata kazi nzuri zaidi kwenye duka la simu. Hakwenda kuaga kampuni. Alimwachia mume wangu ile kazi nzima nzima, pamoja na jina, nakala ya kibali na beji, kama mtu anavyomwachia mwenzake chumba cha kupanga. Msimamizi hakutofautisha Mkongo na Mkongo. Sare ilibaki kazini kwa sababu ilikuwa imeshonewa jina la mtu mwingine kifuani, na mume wangu hakutaka kupita nalo barabarani. Hati ya kodi ilikuwa ya Baba Uvira, ilipitia tu mikononi mwake, na alikuwa hajapata nafasi ya kumpelekea.

Haya yote yalisemwa sebuleni kwetu, vipande vipande, mke wa Baba Uvira akilia, mumewe akifoka. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha na kunitazama. Sikuona hasira kwenye uso wake, na ningeipenda hasira.

"Ulifungua Biblia yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaona jina, ukasema mi niko na bibi ingine."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akamgeukia rafiki yake. "Le vieux, unisamehe. Ni kosa ya nyumba yangu."

"Mi nasikitika," Baba Uvira akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini wameisha kuanza kuuliza. Leo wanauliza bibi, kesho watauliza juu ya nini jina moja iko ku kazi mbili. Niko na watoto. Nataka papier yangu."

Barua haikuuliza chochote kuhusu kazi mbili. Hakuna mtu ofisini aliyekuwa na habari hiyo, na nadhani hawakuja kuwa nayo. Lakini katika chumba kile sikuwa peke yangu wa kushuku. Mume wangu alikwenda chumbani, akarudi na ile hati, nakala ya kibali na beji ya plastiki, akampa kwa mikono miwili. Jumatatu Baba Uvira aliipigia simu kampuni akasema ameacha kazi. Kwa hiyo mume wangu naye akawa ameacha.

Mimi nilikwenda ofisi ya kodi na nakala ya barua. Nilikuwa sijalala vizuri, nilitegemea kufokewa. Karani alikuwa mwanamke kijana wa Kizulu, akanisikiliza nikimwambia kwamba niliandika jina la mtu mwingine kwa makosa. Hakushangaa. Alileta fomu yangu, akachora mstari juu ya majina matatu marefu na ile namba, akanigeuzia.

"Andika iliyo sahihi, kisha weka saini ndogo pembeni."

Jina lake la kweli nilikuwa nalo kichwani. Sasa nilijua ni la kweli, nilikuwa nimelithibitisha kwa gharama ya kazi yake. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikamwona tena akichambua sombe na kusema niandike sina mume, na hasira ikanirudia, maana swali langu la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa. Haya, sare nimeielewa, hati nimeielewa. Kwa nini alikuwa na jibu tayari? Nikaandika sijaolewa. Nikaweka saini ndogo pembeni. Karani akasema asante, ndiyo imekwisha, anayefuata tafadhali.

Nilipomwambia, mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua. "Sharp!" alisema. "Sasa njo umefanya kazi muzuri." Akanishika bega. Nilimtazama akifurahi hivyo kwa sababu mkewe ameapa kwamba si mkewe, na nikajiambia, Bukavu ipo. Lazima ipo.

Alianza kulinda magari ya watu barabarani karibu na ufuko, kwa fulana ya rangi ya machungwa aliyojinunulia mwenyewe. Huko hakukuwa na beji ya mtu wala paa la kujifichia. Alirudi jioni ngozi imeungua, anakula, analala. Tuliongea kuhusu maji, umeme na kisamvu. Nilimwomba msamaha mara mbili na mara zote mbili alisema imeisha, lakini mimi huwa siamini mtu akisema jambo limekwisha.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, mke wa Baba Uvira alikuja kliniki. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile. Alisimama mlangoni mwa maabara na aproni yake ya saluni.

"Wamemukamata," alisema. "Pale ku robot, ku taa za barabara, na wengine. Bwana yangu ameona."

Niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani kwanza. Sijui kwa nini nilipika. Nadhani niliogopa kufika mikono mitupu. Nilipasha kisamvu cha jana, nikapika wali, nikavifungia kwenye bakuli la plastiki na kanga, nikaenda kituo cha polisi nilichoelekezwa. Kwenye chumba cha mapokezi kulikuwa na kaunta ndefu, na nyuma yake benchi lenye wanaume saba au wanane wanaosubiri gari. Alikuwa wa tatu kutoka ukutani. Walimvua kamba za viatu, na ulimi wa kiatu kimoja ulikuwa umelegea nje.

Askari wa kaunta alikuwa mama mtu mzima, mtaratibu. Akaniuliza namtafuta nani. Nikanyoosha kidole.

"Ni nani wako?"

Nikafungua mdomo, naye akaendelea, bila ubaya wowote, akieleza kazi yake. "Kama ni mumeo, niandikie anuani yenu. Na kibali chako wewe nikione. Anayeishi na mtu asiye na kibali naye ana maswali ya kujibu."

Kibali changu kilikuwa ndani ya mkoba. Kilibakiwa na miezi minne, na bila hicho hapakuwa na maabara, wala flati, wala chochote. Nilikuwa nimeshaanza kufungua zipu ya mkoba. Mume wangu akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Mimi simjui huyu mama."

Askari akageuka. Mume wangu hakunitazama. Alimgeukia mwenzake wa pembeni, kijana wa jengo letu aliyetujua vizuri sote wawili, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, kama anayezungumzia mvua:

"Huyu mama anatafutaka bwana yake. Bwana yake haiko huku. Aende ku kazi yake, atachelewa."

"Njo vile," yule mwenzake akajibu.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Tangu ile Jumapili ya fomu, na labda tangu siku ya duka la matairi, alikuwa akinitengenezea mlango wa kutokea. Alijua siku hii itakuja. Alitaka ikija isinikute nimeandikwa popote karibu na jina lake, na asingeweza kuniambia hivyo, kwa sababu ingenibidi nikatae, na mimi ni mtu wa kubisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Nilitaka kuruka kaunta ile. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu ni mume wangu, muulizeni mchungaji, muulizeni Mungu.

"Vipi?" askari akauliza. "Unamjua?"

"Hapana," nikasema. "Nimekosea mtu."

Niliacha bakuli juu ya kaunta, nikamwambia ampe yeyote mwenye njaa. Kanga nilisahau kuichukua. Nilipotoka nje nilisimama kwenye ukuta wa kituo nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili, zipu bado wazi nusu.

Walimpeleka Johannesburg, na baada ya hapo tukasikia wamemrudisha Kongo, ambako vita vilikuwa vimeanza tena. Mke wa Baba Uvira aliniletea habari hizo kidogo kidogo, akinisuka, hatazami kioo. Mume wangu hakunipigia simu hata siku moja. Kama kulikuwa na mke Bukavu sikupata kujua, na sidhani kama alikuwepo.

Jumatatu ya kwanza baada ya siku ile ya kituoni nilikwenda kazini mapema. Anti alikuwa anachemsha chai, akaniuliza kama lile suala la fomu yangu lilikwisha. Nikamwambia limekwisha.